Upepo Usiopoza

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unakwenda Ziwa Turkana kwa pikipiki mwezi wa pili, atakushauri uvae kidogo. Fulana nyepesi, suruali ya kitambaa, na helmeti kwa ajili ya polisi. Pikipiki ina upepo wake, atakwambia. Ukikimbia unapoa, ukisimama ndipo unapochemka. Kwa huku kwetu ana haki. Nimezunguka pwani kwa pikipiki kutoka Lunga Lunga hadi kupita Malindi, na kanuni hiyo haijanitupa. Lakini ina mpaka wake, na mpaka wenyewe uko mahali fulani kaskazini ya Isiolo.

Ngozi ya binadamu huwa na joto la nyuzi 35 hivi, chini kidogo ya joto la ndani ya mwili. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, upepo huchota joto lako ukaenda nalo. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, upepo ule ule hukuletea joto la nje. Shirika la Afya Duniani huwaonya watu wasitegemee feni joto likipita nyuzi 40, kwa sababu hapo feni humpasha mtu moto badala ya kumpoza. Sasa pikipiki inayokwenda kilomita 80 kwa saa ni feni ambayo huwezi kuizima ila kwa kusimama juani. Kinachobaki kukutetea ni jasho peke yake. Na jasho si mchezo: lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, joto la kutosha kuchemsha lita saba za maji ya bomba. Safari ya joto kali, kwa hiyo, ni kazi ya kulinda jasho lako: lisiishe, na lisipotee bure.

Haya yote nilimweleza mwenzangu wa safari kabla hatujatoka. Mwenzangu ni fundi wa pikipiki, na kwa kuwa kila mtu mtaani humwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alinisikiliza huku akibana mnyororo wa pikipiki yangu. “Kilojuli,” akasema. “Mimi navaa fulana.”

Tulitoka Mombasa kabla ya adhana ya alfajiri, maana barabara ya kwenda Nairobi ina joto lisilotangazwa na idara yoyote ya hali ya hewa: joto la malori. Ukikaa nyuma ya trela linalopanda mlima wa Mazeras, hewa inayokupiga kifuani imepita kwanza kwenye injini ya dizeli, ikapita chini ya matairi, ndipo ikakufikia. Dawa yake ni kuwahi tu. Ukipita Mariakani kabla malori hayajapanga foleni kwenye mizani, umeokoa nusu ya siku. Hapo Mariakani Fundi aliloweka fulana yake kwenye bomba ili anionyeshe kwamba na yeye anajua mambo. Tulipofika Mackinnon Road bado ilikuwa mbichi, imemganda mgongoni, na hakuna ubaridi wowote alioupata wa kujisifia. Hewa ya pwani alfajiri imekwisha kushiba maji. Haina nafasi ya kupokea mengine. Maji yasipokauka hayapozi, yanakulowesha tu. Ndiyo maana mtu wa pwani anaamini upepo na haamini maji, na kwa hewa yake hajakosea.

Voi, Mtito Andei, Nairobi. Hapo hakuna la kusimulia kuhusu joto, na Nanyuki ndiyo kabisa. Usiku ule nililala na sweta. Joto lilianza kutusubiri baada ya Timau. Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye mashamba ya ngano yanayoutazama Mlima Kenya, na Isiolo iko mita 1,100 hivi. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazoshuka, hewa huongezeka joto kwa nyuzi sita na kitu. Kwenye gari lenye vioo hujui. Kwenye pikipiki unayasikia matabaka hayo usoni moja baada ya jingine, na kila kona ya mteremko hewa inakuwa nzito zaidi ndani ya helmeti. Fundi alivua koti kabla ya kufika mjini, akalifunga nyuma juu ya mzigo.

Isiolo, kwenye kituo cha boda, nilimwonyesha vijana waliokuwa wakisubiri abiria. Saa tano asubuhi, jua limeshakolea, na wengi wao wamevaa makoti mazito, wengine wameyavaa kinyumenyume, mgongo ukiwa kifuani, na vitambaa vimezungushwa shingoni hadi puani. Nikamuuliza mmoja wao kama hasikii joto.

“Nasikia,” akasema. “Lakini hili koti linakaa na jua huko nje. Mimi niko ndani.”

Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo, na nimeyasoma mengi. Knut Schmidt-Nielsen, mwanasayansi aliyechunguza ngamia katika jangwa la Sahara miaka ya 1950, aliwanyoa baadhi yao manyoya akawaacha wengine. Mnyama aliyenyolewa ndiye aliyepoteza maji mengi zaidi, kwa kiasi cha nusu zaidi ya mwenzake. Manyoya ambayo mtu wa mbali angeyaonea huruma ndiyo yaliyokuwa yakizuia joto lisifike kwenye ngozi. Ngamia ana hila nyingine ambayo sisi hatuna: akikosa maji huacha mwili wake upande kutoka nyuzi 34 alfajiri hadi karibu 41 alasiri bila kutoa jasho, kisha hulipa deni hilo usiku kwa baridi ya jangwa. Binadamu akifika 41 yuko hospitali, au anatakiwa kuwa huko. Kwa hiyo tunaazima kwa ngamia lile la kwanza tu, la manyoya.

Fundi akasema yeye si ngamia.

Archer's Post, ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro, ndipo nilipoanza kazi yangu ya maji. Nitaieleza kama ninavyoifanya, maana wengi huloweka koti la nje na kuacha fulana kavu, nao wamegeuza mambo juu chini. Unaanza na fulana ya pamba yenye mikono mirefu, ya zamani, iliyofuliwa hadi ikawa laini. Nailoni haifai, maji hayakai. Unaitia kwenye ndoo, unaikamua kidogo tu, ili isidondoke lakini ukiibana kwa vidole viwili itoe maji. Unaivaa ikiwa hivyo, na sekunde za mwanzo utashtuka na kutoa sauti ambayo itawachekesha watoto waliokuja kutazama. Juu yake unavaa koti, unafunga zipu hadi karibu na shingo, kisha unaacha vidirisha viwili vya hewa: shingoni upana wa vidole vitatu, na kwenye vifundo vya mikono, glavu zikiwa ndani ya koti na siyo nje. Upepo unaingia mikononi kwa kiasi, unapita juu ya pamba mbichi, unatokea shingoni. Ukilifungua koti lote, fulana inakauka ndani ya dakika chache na ubaridi wote umeutupa barabarani. Ukilifunga lote, umejipika kwa mvuke. Ukipatia, unapata mwendo mrefu wenye ubaridi kifuani, huku mapaja yakiungua kwa joto la injini kama kawaida.

Ni kazi ile ile ya mtungi wa udongo uliokuwa kwenye kona ya kila nyumba kabla ya friji. Maji yanapenya kidogo kidogo, yanakauka juu ya udongo, na yaliyobaki ndani yanapoa. Bibi yangu aliuweka mtungi wake kwenye upenyo wa mlango, palipo na kivuli na hewa, wala hakuuweka uani kwenye kaskazi kali. Alijua kiasi cha upepo.

Kutoka Archer's Post lami ni nzuri mno, na uzuri huo una hatari yake. Zamani abiria wa Moyale walisafiri juu ya malori ya ng'ombe, wameshikilia vyuma, barabara ya mawe ikiwatafuna mwendo wa siku nzima na zaidi. Sasa lami imenyooka kutoka Isiolo hadi mpaka wa Ethiopia, mlima wa Ololokwe umesimama kushoto kama ukuta, magari ni machache, na mkono wenyewe unataka kuongeza mafuta. Ukikaza mwendo unajiona unapoa. Hewa kavu ina udanganyifu huu: jasho linakauka kabla hujaliona, ngozi inabaki kavu, na mtu anadhani hatoki jasho kabisa. Ukipitisha ulimi kwenye mdomo wa juu ndipo unapoonja chumvi.

Fundi alikuwa mbele yangu na fulana yake, mikono wazi, ikipepea. Kwa muda mrefu alikwenda vizuri. Kabla ya Merille nikaona anaanza kuikosa barabara. Siyo sana: anaingia katikati ya lami, anarudi, anaingia tena. Kwenye tuta akafunga breki amechelewa, yeye ambaye huwagombeza wateja kwa tabia hiyo. Nikapiga honi. Aliposimama nilimtania kuhusu breki na hakunijibu, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu kuliko yote, kwa sababu Fundi hajawahi kuacha neno lipite bila kulijibu. Alisema kichwa kinamgonga na tumbo linachafuka.

Kivuli kilikuwa karibu, mgunga mmoja wenye mbuzi chini yake. Nilimvua helmeti na viatu, nikamlaza, nikammwagia maji kichwani, shingoni na kifuani, na kumpepea kwa kipande cha boksi. Nilimuuliza tuko wapi na leo ni siku gani. Akajibu sawasawa, kwa matusi madogo. Hapo nikajua ni uchovu wa joto, na siyo kiharusi cha joto. Tofauti hiyo inafaa kila mwendesha pikipiki aijue. Mwenye uchovu wa joto ana kichwa kinachouma, kichefuchefu, misuli inayokaza, lakini akili iko. Kivuli, maji na muda humrudisha. Aliyepatwa na kiharusi cha joto, mwili wake umepita nyuzi 40 na akili imeanza kupotea: anaropoka, hajui alipo, anaanguka. Huyo hapewi kitu mdomoni asije akapaliwa. Analoweshwa, anapepewa bila kukoma, na anakimbizwa hospitali. Na kwenye pikipiki dalili ya kwanza haiji kama maumivu. Inakuja kama uendeshaji mbaya. Ndiyo maana safari hizi si za mtu mmoja. Mwenyewe huwezi kujiona unavyoyumba.

Nilimtengenezea maji ya chumvi na sukari kwenye chupa ya lita moja: vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Ni kipimo kile kile wanachofundishwa kina mama kwa watoto wanaoharisha. Maji matupu hayatoshi kwa mtu aliyetoka jasho kutwa. Ukiyagugumia kwa wingi bila chumvi unaizimua damu yako, nalo ni gonjwa jingine. Kikombe kimoja kila robo saa ni bora kuliko chupa nzima kwa mara moja. Pwani ningemtafutia madafu na maongezi yangekwisha.

Hadi leo Fundi anashikilia kwamba tatizo lilikuwa maharage aliyokula Isiolo. Lakini aliponyanyuka alifungua mzigo, akatoa koti, na akaniomba fulana yangu ya akiba.

Laisamis tulifika mchana mkali na tukafanya kama wanavyofanya wenyeji, yaani hatukufanya kitu. Kuanzia saa sita hadi saa tisa na nusu mji mzima uko kivulini. Msafiri anayekwenda kwa ratiba ya Nairobi huona huo ni uvivu; akijaribu kuuvuka mchana ule kwa pikipiki ataelewa. Mama mmoja wa Kirendille mwenye hoteli ya mabati alitukaribisha kwenye banda la makuti lililokuwa nyuma ya mabati hayo, na akatuletea chai ya maziwa inayofuka. Nilimwomba maji baridi. “Kunywa hiyo kwanza, mwanangu,” akasema, “hayo baridi yatakudanganya.”

Nimewahi kusoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa walilipima jambo hili mwaka 2012. Waliwapandisha watu kwenye baiskeli za mazoezi, mara wakinywa maji ya baridi na mara ya moto, na walipokunywa ya moto ndipo walipobaki na joto dogo zaidi mwilini, kwa sababu kinywaji cha moto huongeza jasho kuliko kinavyoongeza joto. Sharti lake ni moja: jasho lote lipate kukauka. Kwa hiyo mama yule ana haki Laisamis. Likoni, penye unyevu, chai hiyo hiyo ingekuongezea balaa.

Wakati tunangoja, Fundi alifanya kazi yake. Alinikataza kupunguza upepo wa matairi ingawa yalikuwa magumu kama jiwe. Presha hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Ukiipunguza mchana, usiku tairi litakuwa limelegea na utaanza siku inayofuata kwa tairi linalojikunja na kupata moto zaidi. Alipima oili, 20W-50, nzito ya kutosha kwa joto lile. Akaniambia injini zetu zinapozwa kwa hewa kama sisi wenyewe, na kwamba adui wao mkubwa ni upepo wa nyuma: unakwenda polepole kwenye mchanga, upepo unakusukuma kwa mwendo ule ule, na kwenye injini hapapiti hewa hata kidogo. Ukisikia inagonga, simama, na ielekeze pua kwenye upepo.

Saa kumi kasoro tuliiacha lami na kushika barabara ya changarawe kuelekea magharibi. Barabara hii ilitengenezwa kwa ajili ya mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis, ili malori yapitishe mapanga na minara yake. Milima ya Ndoto ikiwa imetanda upande mmoja, jua likiwa limelegea, ilikuwa sehemu tamu kuliko zote. South Horr ni bonde la kijani lililobanwa na Mlima Nyiro upande mmoja, lenye vijito na miti mikubwa, na tulilala huko bila kufikiria joto.

Ukitoka South Horr kuelekea kaskazini, nchi inakuvua kila kitu. Miti inapungua, kisha majani, kisha udongo wenyewe. Yanabaki mawe meusi ya volkano, mamilioni, kila moja likiwa limekaa juani tangu asubuhi na kulirudisha joto hilo kwako kutoka chini. Hapo niligundua kwamba buti na soksi ndefu ni muhimu kama koti. Kisha mitambo ikatokea: 365, megawati 310, imetapakaa Sarima kwenye uwazi ulio kati ya milima, mahali ambapo upepo wa kusini-mashariki hubanwa na kukazwa. Ilikuwa asubuhi na yote ilikuwa ikizunguka. Pikipiki zetu zilikwenda zimeinama upande wa upepo, kwenye barabara iliyonyooka.

Ziwa lenyewe linapojitokeza chini, rangi yake ya kijani inakufanya utake kuteremka mbio ujitose. Tulijimwagia maji yake ufukweni kwa kopo, tukiangalia mamba, ambao Ziwa Turkana lina wengi. Kunywa hapana. Lina magadi na madini ya floridi kiasi cha kutia meno madoa. Maji ya kunywa Loiyangalani, mji tuliofikia pale ziwani, ni ya chemchemi, yale yanayootesha mikoma, na tulijaza kila chombo tulichokuwa nacho.

Jioni mzee aliyetukodishia kibanda alituuliza tutaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja alfajiri, kabla ya joto.

“Basi mtasukumwa,” akasema. “Upepo unashuka Mlima Kulal usiku, unapiga mpaka asubuhi. Unatulia mchana.”

“Na tukingoja utulie, mzee?”

“Mtaungua. Hapa kimoja kinampisha mwenzake.”

Nilikuwa nimezoea kuhesabu saa za joto peke yake, na kwa hesabu hiyo alfajiri haina mpinzani. Hapa saa za ubaridi ndizo za kuangushwa. Usiku kibanda kilitikisika hadi mchanga ukaingia kwenye vikombe, na sisi tukawa tunabishana. Mimi nilitaka kungoja hadi saa tatu, tukapite Sarima upepo ukianza kulegea na jua halijakomaa. Fundi alikataa. “Upepo utaangusha pikipiki,” akasema, “na pikipiki nitaitengeneza mimi. Jua likiniangusha mimi, utanitengeneza wewe?”

Tukaondoka saa kumi na moja. Majerikeni ya maji tuliyateremsha kutoka juu ya mzigo, tukayafunga chini pande zote mbili, ili uzito ukae karibu na ardhi. Upepo ulitupiga ubavu wa kushoto njia yote hadi Sarima, na mara mbili Fundi alisukumwa hadi kwenye mawe akarudi akiapiza. Fulana hatukuziloweka mpaka tulipopita South Horr na jua kupanda, na tulipofika Laisamis kwenye chai ya yule mama, lita sita tulizozitenga kwa ajili ya fulana zilikuwa zimekwisha, za kunywa zimebaki mbili.